Kuaga Mwanza kabla ya kurudi kwenu: mwongozo kamili

Dalali alikuja saa nne asubuhi kumwonyesha mpangaji mpya nyumba, nami nilikuwa kazini. Aliyefungua mlango ni dada aliyekuwa akitusaidia nyumbani kwa miaka minne. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba tunahama: kwa mdomo wa mtu asiyemjua, beseni la nguo likiwa mikononi. Niliporudi jioni chakula kilikuwa mezani kama kawaida, ila yeye hakusema neno. Wakati huo nilikuwa na daftari zima la mambo ya kufanya, kuanzia kibali cha ukaazi mpaka gunia la michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), na jina lake halikuwamo.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Kenya, Uganda, Kongo au kwingineko, aliyekuja Mwanza kwa kazi, akakaa miaka, akazoea, na sasa anarudi kwao. Mimi ni wa Mombasa. Nilifika 2018, nikakaa Isamilo juu kule kwenye mawe, nikaondoka mwishoni mwa 2025. Makaratasi nitayaeleza, lakini nimeyaweka nyuma ya watu. Ofisini ukikosea utarudishwa dirishani ukaanze upya. Kwa jirani hakuna dirisha.

Hatua ya 1: Waambie watu, kwa mpangilio wake (miezi mitatu kabla)

Chukua karatasi uandike majina ya wote watakaoguswa na kuondoka kwako. Kisha yapange upya kwa swali moja: nani atapoteza riziki au msaada wa kila siku? Hao ndio wa kwanza. Bosi wako anaweza kuwa wa nne.

Dada wa nyumbani, mlinzi, mama anayekufulia: wote hawa waambie siku moja, wewe mwenyewe, mkiwa mmekaa. Usimwambie mtu yuko jikoni huku wewe umesimama mlangoni na funguo za gari. Sema tarehe. Sema utamlipa nini. Hapa watu wengi hutegemea huruma, wakampa dada noti mbili tatu na kanga siku ya mwisho, wakadhani wamemfanyia hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimtengi mfanyakazi wa ndani: anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi ya siku 28, au malipo ya siku hizo. Mwajiri akisitisha kazi baada ya mwaka mmoja au zaidi, kuna kiinua mgongo, mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, mpaka miaka kumi. Kwa miaka minne ni siku 28 za mshahara. Ongeza likizo ambayo hakuichukua. Kanga iwe juu ya hayo, isiwe badala yake.

Mwandikie pia barua: alianza lini, ameishia lini, alifanya kazi gani. Weka namba yako ya simu ili mwajiri mpya akupigie. Na usingoje mwezi wa mwisho kumtafutia kazi nyingine. Mimi niliulizia kazini na kanisani kwa jirani, akapata nyumba Nyakato wiki mbili kabla hatujaondoka. Kwa hiyo wiki mbili za mwisho nilifua mwenyewe, na sikuwa na haki ya kulalamika.

Wa pili ni wazee wa mtaa. Kwangu alikuwa bibi wa nyumba ya chini, Msukuma wa Magu, aliyenifundisha kuitikia mwangaluka asubuhi na mwadila jioni. Kwa mzee, habari ya kuhama haisemwi kwenye sentensi ya kwanza. Nenda alasiri, jua likiwa limepoa. Salimia, kaa kwenye kigoda utakachopewa, kunywa utakachopewa. Ataona mwenyewe kwamba umekuja na neno, naye atakuuliza. Bibi aliposikia alinyamaza, akaokota punje za mahindi pale chini moja moja, kisha akauliza kama mama yangu bado mzima. Nikasema yu mzima. “Basi nenda,” akasema. “Mama halei mtoto ili akazeeke kwa watu.”

Usimwahidi mzee kwamba utarudi mwezi wa sita kama hujapanga kurudi mwezi wa sita. Watu hutumia “Mungu akipenda” kama pazia la kujificha. Bibi atahesabu miezi.

Baada ya hapo wafuate wengine: mwenye nyumba (soma mkataba, notisi imeandikwa humo), mwajiri, mwalimu wa watoto, viongozi wa kikundi, mwenyekiti wa mtaa. Dalali awe wa mwisho kabisa, maana ukishamwambia dalali umeuambia mji.

Hatua ya 2: Madeni, makubwa na ya chumvi

Siku moja pita na daftari mahali pote unapokopa. Dukani kwa Mangi yeye analo daftari lake, linganisheni. Fundi cherehani mwenye kitambaa chako cha tangu Pasaka. Mama wa samaki pale Mwaloni, Kirumba, anayekuwekea sato na kusema “utaleta kesho”. Fundi bomba. Kijana wa bodaboda.

Upatu una adabu yake. Kama umeshapokea zamu yako na mzunguko haujaisha, mpe kijumbe, yaani msimamizi wa upatu, michango yote iliyobaki kwa mkupuo, mbele ya wenzako wawili watatu, ili kesho kijumbe mwenyewe asitiliwe shaka. Kama hujapokea, omba kusogezwa mbele, au mtafute atakayenunua nafasi yako. Kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, mambo huchukua muda zaidi, kwani hisa hugawanywa mwisho wa mzunguko. Waulize viongozi mapema kama utalipwa ukitoka katikati au utasubiri utumiwe. Lipa mkopo kwanza. Ule mfuko wa jamii, wa kusaidiana msiba na ugonjwa, usiudai. Ulikufunika miaka yote hiyo hata kama hukufiwa.

Sasa upande wa pili. Unayemdai hujificha. Nilikuwa na jirani aliyekopa kwangu shilingi elfu thelathini za ada, na nilipotangaza safari nikaona hapiti tena njia ya mbele ya nyumba. Wiki tatu za mwisho alizunguka kwa nyuma, kwenye mawe, na ndoo kichwani. Nilimfuata, nikamwambia ile hela ni ya mtoto, tumalize hapo. Kama deni ni dogo na hulitegemei, lisamehe kwa kinywa, akusikie ukisema. Ukinyamaza tu, mwenzio hajui kama amesamehewa au anavuta muda, na siku ya kuagana hutamwona. Kwetu Pwani tunaita kuhalalishiana. Wasukuma wana maneno yao, lakini walinielewa bila kutafsiriwa.

Hatua ya 3: Makaratasi

Uhamiaji. Kibali cha ukaazi cha Daraja B kimefungamana na mwajiri aliyekuombea. Kazi ikikoma, huwezi kukitumia kuendelea kukaa mjini ukiuza makochi. Daraja A ni cha mwenye mtaji au biashara yake, C ni cha wanafunzi, watafiti na wengineo. Mwenzi na watoto waliosajiliwa chini yako wanafuata hatima ya kibali chako. Nenda ofisi ya mkoa kabla ya siku ya mwisho ya kazi, na barua ya mwajiri inayotaja tarehe, uulize namna ya kukirejesha na siku ngapi unazo za kufunga mizigo. Pata jibu kwa maandishi au muhuri. Kibali cha kazi ni karatasi nyingine, chini ya ofisi ya kazi, usivichanganye.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Omba taarifa ya michango ukiwa bado kazini, uone kama kila mwezi uliingia. Mwezi uliorukwa unadaiwa kwa urahisi ukiwa Mwanza, mwajiri akiwa mtaa wa pili. Kuudai ukiwa Likoni, Mombasa, ni kazi nyingine. Anza dai lako kabla hujaondoka, na akaunti ya benki utakayolipiwa usiifunge.

Biashara. Mwenye duka au fremu afunge leseni kwenye halmashauri aliyoichukua. Mji ni mmoja lakini halmashauri ni mbili, Jiji la Mwanza kwa upande wa Nyamagana na Manispaa ya Ilemela. Kisha TRA, mamlaka ya mapato, umalize hesabu na kusimamisha kodi kwenye TIN yako, ile namba ya mlipakodi. Ukiiacha wazi, makadirio yanaendelea kuhesabiwa na wewe haupo.

Nyumba. Soma mita ya maji pamoja na mwenye nyumba na muipige picha. Uniti za umeme wa Luku zilizobaki ni sadaka kwa anayeingia, hazihamishiki. Amana yako idai kwa kutembea chumba hadi chumba na mwenye nyumba mkiandika, siyo kwa simu.

Watoto. Mtoto aliyezaliwa Mwanza achukuliwe cheti cha kuzaliwa cha RITA sasa hivi. Barua ya uhamisho na ripoti za shule, nakala mbili mbili. Kadi ya kliniki ya chanjo usiipakie kwenye fuso, ikae kwenye mkoba wako.

Afya. Hili watu hulisahau. Kama wewe au watoto mmeogelea ziwani, au mmekuwa mkisimama kwenye maji ya ufukweni, pimeni kichocho kabla ya kuondoka. Kichocho cha ukanda wa ziwa mara nyingi ni cha tumbo, mayai yake huonekana kwenye choo kikubwa. Pwani tumezoea kile cha mkojo, na daktari wa kwetu anaweza kukupima mkojo akakuambia uko salama. Mwanza wanakijua, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. Kumbuka tu kwamba mayai huanza kuonekana wiki kadhaa baada ya kuambukizwa, kwa hiyo ukijitosa majini Jumapili ukapima Jumatatu, kipimo hakitaona kitu. Mweleze daktari wako mpya kwamba umeishi kando ya Ziwa Victoria.

Benki na simu: punguza, usifunge kila kitu. Ukibeba fedha taslimu kuanzia thamani ya dola 10,000, zitangaze mpakani.

Hatua ya 4: Vitu

Gawa nyumba mafungu matatu: vya kuuza, vya kutoa, vya kubeba. Fungu la tatu litakuwa kubwa mno. Lipunguze, lala, lipunguze tena.

Vya kuuza, waite majirani kwanza kabla ya kutangaza kwenye makundi ya simu. Bei iwe moja kwa wote na taslimu. Ukimkopesha jirani friji siku kumi kabla ya kuondoka umeshageuza urafiki kuwa ufuatiliaji. Vya kutoa, vipeleke mwenyewe, usiku usiku, nyumba kwa nyumba. Kuwarundikia watu vitu uani wajichagulie ni kuwagombanisha, na aliyepata sufuria ataonekana amependwa kuliko aliyepata mfuniko. Sufuria kubwa, lile linaloazimwa kila msiba, halikuwa langu hata kama nililinunua mimi. Nililiacha kwa mweka hazina wa kikundi cha kinamama.

Wanaokaa mlimani wajipange. Kirikuu, ile pikapu ndogo ya mizigo, haipandi Isamilo ya juu, wala Bugarika, wala Mabatini kwenye vichochoro. Vitu vitashuka kichwani, kati ya mawe, mpaka barabara inapoishia. Patana na vijana siku mbili kabla, kwa kazi nzima na siyo kwa mzigo, na waone kabati kwa macho yao. Msimu wa mvua jiwe linateleza, basi anzeni saa tatu, umande ukishakauka.

Orodhesha kila kitu unachovusha: kitanda kimoja, magodoro mawili, vyombo, vitabu. Gonga muhuri wa mtendaji wa mtaa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inampa anayehamisha makazi msamaha wa ushuru kwa vyombo vyake vilivyotumika, na hata gari moja, ikiwa amelimiliki na kulitumia kwa angalau miezi kumi na miwili. Lakini Kenya haisajili gari lililozidi miaka minane tangu litengenezwe. Langu lilikuwa na kumi na nne. Nililiuza, na nilimwambia mnunuzi ukweli kuhusu giaboksi.

Halafu zawadi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndugu zako hawatauliza habari za kibali.

Dagaa nunua baada ya kipindi cha usiku wa giza, si wakati wa mbalamwezi. Wavuvi huwavuta kwa taa, na mwezi ukiwa mpana taa haina kazi, hivyo dagaa huadimika na bei hupanda. Chagua waliokaushwa juu ya vichanja au nyavu: shika konzi, pumulia, kama kuna mchanga utauona kwenye kiganja. Sangara na sato wa kukaushwa wawe wa saizi halali, sangara asiwe chini ya sentimita 50, sato asipungue 25. Beba wa kula nyumbani tu. Mzigo wa kuuza unahitaji vibali vya idara ya uvuvi. Michembe, matobolwa (viazi vilivyochemshwa kisha kukaushwa), nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa), vyote vinasafiri vizuri. Ila usivifunge kwenye mifuko ya plastiki: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na mpakani wanaitazama. Kiroba, kikapu, au ndoo yenye mfuniko. Ndoo ni bora. Dagaa wana namna ya kumtangaza mtu kwenye basi.

Hatua ya 5: Aga mahali (mwezi wa mwisho)

Usifanye ziara ya kitalii. Rudi mahali ulipokuwa ukienda bila sababu.

Mimi nilirudi Kigongo. Kwa miaka yangu mingi, kwenda Sengerema au Geita ilikuwa ni kupanga foleni ya kivuko, kununua mahindi ya kuchoma, kuangalia saa, kununua mengine. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, likafunguliwa, na sasa ghuba inavukwa kwa dakika chache. Nililivuka kwenda na kurudi nikiwa dirishani. Ni jema, wagonjwa wanawahi hospitali. Na kweli niliyakumbuka mahindi yale, nikajiona mjinga.

Saanane ni boti ya dakika chache kutoka mjini: kisiwa chenye mawe, pimbi na swala, hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini, kilichobeba jina la mzee aliyekuwa akiishi pale. Kama umekaa miaka Mwanza bila kukanyaga, na wengi hatukanyagi, hiyo aibu itoe sasa. Bujora, pale Kisesa, wapeleke watoto wakaone ngoma za watemi na nyumba ya Kisukuma. Kama ni mwezi wa sita, subiri Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, uone wacheza ngoma na nyoka wao.

Jiwe la Bismarck, lile la ziwani, linafaa saa kumi na mbili jioni. Usipige picha dakika kumi za kwanza.

Hatua ya 6: Siku ya kuagana

Ifanye wiki moja kabla, siyo usiku wa mwisho. Usiku wa mwisho una kamba, viroba na hasira. Chagua Jumapili alasiri, na ulize mtaani kama kuna msiba. Ukiwepo, ahirisha bila kunung'unika, uende msibani, nako ni kuaga.

Pilau inatosha. Waalike kwa mdomo, mlango kwa mlango. Kadi zinawatisha watu, wanadhani kuna mchango. Hotuba yako iwe na mambo matatu: shukrani kwa majina na matendo (“nilipolazwa Bugando mama fulani alilala chini wodini”), kuomba radhi, na tarehe ya safari. Sema wabeja, asante ya Kisukuma. Ukilia, lia, kisha ugawe soda.

Kitu kimoja nilichofanya vizuri: nilisafisha picha za karatasi. Za kikundi, za watoto wakicheza kwenye mawe, ya bibi na mama yangu alipokuja kututembelea 2022. Bibi hana simu ya kioo. Aliichukua picha, akaitia ndani ya Biblia yake, akaitoa, akaitia tena.

Hatua ya 7: Safari

Wanaokwenda Kisii, Kisumu au Nairobi huondokea Nyamhongolo, kupitia Magu, Lamadi, Bunda na Tarime mpaka Sirari, kama kilomita 300. Sisi wa Mombasa tunapata njia kupitia Shinyanga, Singida na Arusha, kuvuka Holili kuingia Taveta, na safari inaanzia Nyegezi. Mipaka yote miwili ina kituo kimoja cha pamoja, unagongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja. Mizigo itangulie siku moja na mtu unayemwamini ndani ya fuso, akiwa na orodha na nakala ya pasipoti yako. Yangu ilishushwa yote mpakani, godoro kwa godoro, kwa sababu orodha ilisema vitabu na kiroba kilikuwa na michembe. Andika michembe.

Asubuhi ya kuondoka, usizunguke kuaga tena. Walioamka watakuja wenyewe.

Ukifika

Piga simu kabla hujafungua mizigo. Waliokuaga hawalali vizuri mpaka wasikie umefika.

Laini ya Tanzania usiitupe. Ina miamala, ina benki, na ikikaa miezi bila kutumika hufungwa, apewe mtu mwingine namba yako. Yangu naitia vocha kila mwezi na kuiwasha jioni. Bibi huazima simu ya mjukuu, na namba aliyoikariri ni ile.